Miaka Hamsini Si Kitu, Dakika Kumi Ndizo Zinazoua

Kila nikisema kazi yangu ni kugandisha mbegu za kondoo dume, swali la kwanza ni lilelile: zinakaa muda gani kabla hazijaharibika? Muulizaji hutarajia nimtajie mwaka mmoja au miwili, labda mitano kama ni mtu anayeiamini sana sayansi. Nikimjibu kwamba muda hauna neno, anadhani napiga chuku.

Basi siku hizi ninamsimulia habari ya Sir Freddie. Huyu alikuwa kondoo dume wa Merino, aliyezaliwa mwaka 1963 nchini Australia. Mwaka 1968 Steven Salamon wa Chuo Kikuu cha Sydney aligandisha manii yake pamoja na ya madume wengine watatu, yakawa vidonge vidogo, vikahifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi −196 za Selsiasi. Salamon alistaafu, vidonge vikabaki. Nusu karne baadaye, Jessica Rickard na Simon de Graaf wa chuo hichohicho walivitoa, wakaviyeyusha na kuwahimilisha majike 56, yaani kuwawekea manii pasipo kupandwa na dume. Walioshika mimba ni 34, yaani asilimia 61. Kwa kulinganisha, manii yaliyokuwa yamegandishwa kwa miezi 12 tu yalitumiwa kwa majike 1,048, wakashika 618, yaani asilimia 59. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Hiyo tofauti ya asilimia mbili ni bahati ya hesabu tu. Hakuna anayedai kwamba mbegu huboreka zikikaa. Kilichonifurahisha mimi ni wanakondoo wenyewe: walizaliwa na ngozi ya mikunjo mingi, ile iliyopendwa na wafugaji wa enzi hizo kwa imani kwamba ngozi nyingi ni sufu nyingi. Baadaye mtindo huo uliachwa, kwa sababu kondoo wa namna hiyo ni taabu kumnyoa na nzi hupenda kutaga kwenye mikunjo yake. Mtungi wa naitrojeni haukujua kwamba wafugaji wamebadili mawazo.

Kwenye nyuzi −196 hakuna maji ya majimaji ndani ya seli, na pasipo maji hayo kemia ya uhai haisogei. Ndiyo maana mwaka wa kwanza na mwaka wa hamsini ni sawasawa. Hatari ipo njiani: kushuka kutoka kwenye joto la mwili hadi huko chini, na kupanda tena. Ukijumlisha vipande vyenye hatari vya njia hiyo unapata dakika chache mno, na ndizo zinazoua nusu ya mbegu. Tena zile zinazonusurika hazirudi zilivyokwenda. Watu husema mbegu iliyogandishwa imesimamishwa. Mimi nasema imezeeshwa ghafla, na ukilikubali hilo, karibu kila tunachokifanya maabara na zizini kinaanza kueleweka.

Tuanze na kushuka. Bao moja la kondoo dume ni dogo sana, kwa kawaida mililita moja hivi, wakati mwingine nusu, wakati mwingine mbili. Lakini ni zito: kila mililita ina mbegu bilioni 3 hadi 5. Ukiliweka tone la manii mabichi chini ya hadubini kwa ukuzaji mdogo huoni mbegu mojamoja, unaona mawimbi, na tunayapa mawimbi hayo alama kuanzia 0 hadi 5. Yale yasiyofika 4 siyagandishi. Wenzangu wengine hukubali 3 kwa kuwa mwenye dume amesafiri mbali na amelipa; mimi naona ni kumdanganya, maana mchakato wote unaofuata unapunguza tu, hauongezi chochote.

Adui wa kwanza anakuja kabla ya barafu yoyote. Ukichukua manii ya nyuzi 30 na ukayatia kwenye jokofu ghafla, mbegu zitaanza kuogelea kwa kuzunguka, nyingine kurudi kinyumenyume, kisha zitasimama na hazitaamka tena hata ukizipasha. Chanzo ni utando wa seli. Utando umejengwa kwa mafuta, na mafuta ya utando wa mbegu ya kondoo yana asidi nyingi za aina laini na kolesteroli kidogo, kidogo kuliko ya fahali, sungura au binadamu. Baridi ikija haraka, mafuta hayo hayagandi kwa pamoja. Sehemu moja inakuwa ngumu huku nyingine ingali laini, na penye mpaka kati ya hizo mbili panavuja. Kalsiamu inaingia, madini mengine yanatoka, mashine ya ndani inaharibika. Kwa sababu hiyo tunashuka polepole, kutoka nyuzi 30 hadi 5 kwa saa moja na nusu au mbili, kopo la manii likiwa ndani ya chombo kikubwa cha maji ili lisishtuke. Anayekuja maabara kutazama huchoka hapa. Hakuna cha kuona.

Kiini cha yai ndicho kinacholinda utando wakati huo. Mafuta na protini za kiini, hasa zile chembe zenye mafuta mengi, hujibandika kwenye utando wa mbegu na kuuzuia usipasuke. Dawa yetu ya kuchanganyia manii kabla ya kugandisha, kwa mapishi ya Salamon mwenyewe, ni trisi (kemikali inayozuia uchachu kubadilika), asidi ya sitriki, sukari ya glukosi, kiini cha yai na gliseroli. Wapo wanaotumia lesithini ya soya badala ya yai ili kuepuka vijidudu vinavyoweza kuja na mayai, na hoja yao ina uzito, hasa kwa manii yanayovuka mipaka ya nchi. Hata hivyo yai bado lina heshima yake.

Gliseroli nayo ina kisa ambacho wanaofanya kazi hii hawachoki kukisimulia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Christopher Polge na wenzake kwenye taasisi ya utafiti wa tiba pale Mill Hill, London, walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo ndani ya maji ya sukari ya matunda, bila mafanikio. Waliweka chupa kwenye chumba cha baridi. Miezi kadhaa baadaye walirudi kwenye majaribio, wakachukua chupa, na safari hii mbegu zikaogelea baada ya kuyeyushwa. Walipochunguza kimiminika kilichokuwamo, waligundua lebo ilikuwa imekosewa: ndani mlikuwa na gliseroli na ute wa yai, mchanganyiko wa kubandikia vipande vya nyama kwenye vioo vya hadubini. Walichapisha matokeo mwaka 1949 pamoja na Audrey Smith na Alan Parkes, na kuanzia hapo mlango ukafunguka kwa fahali, kisha kwa wanyama wengine. Sehemu ya kisa inayosahaulika ni kwamba walipima kilichokuwa ndani ya chupa. Wengi wangemwaga wakaanza upya.

Gliseroli huingia ndani ya seli, huchukua nafasi ya sehemu ya maji na hupunguza kiasi cha barafu inayojengeka katika kila nyuzi. Ila ni sumu pia. Fahali huvumilia asilimia 7 hivi. Kwa kondoo tunabaki kwenye 4 hadi 6, na ukizidisha mbegu zitaogelea vizuri kwenye hadubini halafu mimba zisionekane. Kila mchanganyiko wa kugandisha ni mapatano kati ya kifo cha barafu na kifo cha dawa.

Sasa ndipo zinapokuja zile dakika kumi. Kati ya nyuzi −5 na −50 hivi maji yanageuka barafu, na yakigeuka yanatoa joto, hivyo joto la mrija mwembamba wenye manii linaweza hata kupanda kidogo katikati ya kushuka. Barafu inaanza nje ya seli. Inachukua maji safi na kuacha chumvi, na chumvi inayobaki inakolea na kuyavuta maji kutoka ndani ya mbegu. Ukishuka polepole mno, mbegu inakauka na kukaa muda mrefu ndani ya chumvi kali. Ukishuka haraka mno, maji hayapati nafasi ya kutoka, yanageuka barafu mlemle ndani, na barafu ya ndani haisamehe. Mwanasayansi Peter Mazur aliyaweka haya mawili pamoja kwenye nadharia yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo hatujapata njia ya kuyakwepa, ila ya kupita katikati yake.

Kwa vitendo, kupita katikati ni jambo la kawaida sana. Mirija ya robo mililita, iliyokaa kwenye nyuzi 5 kwa saa mbili au zaidi ili gliseroli iingie, inalazwa kwenye rafu sentimita 4 juu ya naitrojeni ya kimiminika, ndani ya sanduku la povu. Mvuke unaigandisha kwa dakika nane hadi kumi, kisha inadondoshwa kwenye kimiminika chenyewe. Zipo mashine za kompyuta zinazoshusha joto kwa mpangilio uliopangwa, na kituo kikubwa kinazihitaji ili mirija ya leo ifanane na ya kesho. Lakini sanduku la povu, rula, na mtu asiyechezacheza na kifuniko, vimezalisha wanakondoo wengi tu. Vidonge vya Salamon vilikuwa rahisi zaidi: tone la manii linadondoshwa kwenye kishimo kilichochongwa juu ya barafu kavu, kwenye nyuzi −79, likae dakika mbili tatu, kisha linatupwa kwenye naitrojeni. Kidonge kinaganda vizuri sana, pengine kuliko mrija. Shida yake ni kwamba huwezi kukiandika jina. Mrija una nafasi ya jina la dume, namba na tarehe, na biashara ya mbegu pasipo jina ni uhuni.

Mtungi ni salama, nimesema, ila si mtu anayeufungua. Hapa ndipo mbegu nyingi nzuri hufia, na hazifi kwa kelele. Mtu anatafuta mrija wa dume fulani, anainua kikombe chenye mirija hadi juu ya mdomo wa mtungi, anasoma majina kwa utulivu, anakirudisha. Mrija wa robo mililita ni mwembamba, unapata joto kwa sekunde. Ukipita nyuzi −130 hivi, vipande vidogo vya barafu vinaanza kuungana na kuwa vikubwa, ingawa kwa macho mrija bado ni mgumu na una ukungu wa baridi. Ukirudishwa kwenye naitrojeni unaganda tena na uharibifu wake ndani. Kesho mwingine anafungua, anafanya vilevile. Madhara yanajumlishwa, na lawama anabebeshwa dume. Kikombe kibaki chini ya shingo ya mtungi, orodha ya yaliyomo iandikwe nje kwenye daftari ili mtu ajue anachofuata kabla ya kufungua, na kama koleo haijakamata mrija ndani ya sekunde kumi, rudisha chini, subiri, anza tena.

Na kwa kuwa wengi huubeba mtungi ndani ya gari: lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikiwa mvuke inakuwa karibu lita 700 za hewa isiyo na harufu wala rangi, inayofukuza oksijeni. Fungua madirisha. Usilale nayo chumbani.

Kupanda ni mfupi kuliko kushuka, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi. Mbegu zilizogandishwa haraka lazima ziyeyushwe haraka, vinginevyo zile barafu ndogondogo zinapata muda wa kuungana zikiwa njiani kurudi. Njia iliyozoeleka ni maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30. Ipo njia ya maji ya nyuzi 70 kwa sekunde tano hadi nane, na kwenye mikono ya mtu makini inatoa mbegu zenye nguvu kidogo zaidi. Mimi ni mtu wa nyuzi 37. Kwenye nyuzi 70, ukigeuka tu kumjibu anayekusemesha, umepika. Maabara hilo linadhibitika. Zizini, kondoo wakilia na mtu akikuuliza jike anayefuata ni yupi, silipendi.

Baada ya hapo ni mambo madogo yasiyo madogo. Mrija ukaushwe kabisa kabla ya kukatwa, maana tone moja la maji likiingia kwenye manii linazipasua mbegu; zimezoea kimiminika chenye chumvi na sukari, maji matupu yanaingia ndani yake hadi zivimbe. Mkasi, bomba la kuhimilishia na chochote kitakachogusa manii kiwe na joto karibu na lile la mwili, kwa sababu mbegu iliyotoka kuyeyushwa haiwezi kuvumilia baridi ya pili. Jua lisiipige. Usiyeyushe mirija mingi kwa pamoja kwa sababu tu foleni ni ndefu. Na haigandishwi tena. Iliyobaki inamwagwa, hata kama inauma.

Kisha watu hukimbilia hadubini, wakaona mbegu 50 kati ya 100 zinaogelea, wakapongezana. Kwa kawaida baada ya kuyeyusha 40 hadi 60 kati ya 100 huogelea. Lakini zile ambazo kweli hazijaumia, utando mzima, kofia ya kichwani haijafunguka, injini ya shingoni inafanya kazi, ni kama 20 hadi 30 tu. Hadubini inaonyesha mkia unaotikisika. Haionyeshi kama kichwa bado kina uwezo wa kupenya yai. Ndiyo sababu kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kuyaweka manii yaliyoyeyushwa kwenye nyuzi 37 na kuyatazama tena baada ya saa mbili au tatu. Manii mawili yaliyoanza sawa, asilimia 50 kwa 50, yanaweza kuachana vibaya sana kufikia saa ya tatu.

Kuzeeka ninakokusema ni huku. Mbegu mbichi ikiingia kwa jike haiwi tayari kurutubisha papo hapo. Inahitaji saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi, utando wake ubadilike taratibu, kalsiamu iingie kwa kiasi, ndipo iweze kulifungua yai. Mbegu iliyoyeyushwa inafika mabadiliko hayo yakiwa yameshaanza, kwa sababu baridi imeutikisa utando kwa njia inayofanana nayo. Kwa hiyo iko karibu tayari, na iko karibu kufa. Haina saa nyingi za kusubiri, haina nguvu ya kutembea mbali.

Na umbali upo. Shingo ya kizazi ya jike la kondoo ina urefu wa sentimita sita saba, na ndani yake kuna mikunjo minne hadi saba, imepangana kama bangili ambazo hakuna aliyezinyoosha: tundu la wa kwanza halilingani na la wa pili, na la wa pili halilingani na la wa tatu. Kwa ng'ombe, mhimilishaji anaingiza mkono kwa nyuma, anaishika shingo ya kizazi na kuliongoza bomba hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa kondoo mkono hauingii na bomba halipiti. Unaweka manii mlangoni au kwenye mkunjo wa kwanza, na mbegu zijitafutie njia kwenye kamasi. Mbegu mbichi zinajitafutia vizuri, na ndiyo sababu wafugaji wa kondoo wa maziwa aina ya Lacaune kusini mwa Ufaransa huhimilisha majike kwa mamia ya maelfu kila mwaka kwa manii mabichi yaliyopozwa tu, wala hawajaona haja ya kuhamia kwenye barafu. Mbegu zilizogandishwa, zikiwekwa mahali palepale, mara nyingi huleta mimba kwa majike 10 hadi 30 kati ya 100.

Mwaka 1982 Killeen na Caffery wa Australia walionyesha njia ya kuuruka mlango huo. Jike ananyimwa chakula tangu siku iliyotangulia, anatulizwa kwa dawa, analazwa chali kwenye kitanda kinachoinamisha kichwa chini, tumbo linatobolewa matundu mawili madogo mbele ya kiwele, linajazwa hewa ya kaboni dioksaidi, kamera inaingia kwenye tundu moja na sindano kwenye jingine, na manii yanawekwa moja kwa moja kwenye pembe zote mbili za mfuko wa uzazi. Kwa mtaalamu ni dakika chache. Mimba zinapanda hadi 60 au 70 kati ya 100, na majike wa Sir Freddie walihimilishwa kwa njia hiyohiyo.

Hesabu yake ndiyo inayowavutia wafugaji. Tuseme bao moja lina mbegu bilioni 3 na nusu yake zinaogelea baada ya kuyeyushwa, yaani bilioni 1.5. Kupitia mlango wa kizazi unahitaji milioni 200 hivi zinazoogelea kwa kila jike, kwa hiyo umepata majike saba, na mimba labda mbili. Kupitia tumbo milioni 25 zinatosha: majike 60, mimba 36 au zaidi. Dume ni yuleyule na bao ni lilelile.

Lakini ni upasuaji, hata kama ni mdogo. Unahitaji daktari, vifaa, dawa, na mnyama anayebeba maumivu kwa ajili ya kasoro ya mbegu zetu. Kuna la homoni pia. Ili majike wote wawe tayari siku moja, huwekewa sifongo yenye homoni ukeni kwa siku 12 hadi 14, na ikitolewa wanachomwa sindano ya eCG, homoni ya kukomaza mayai, kisha wanahimilishwa saa 50 hadi 60 baadaye, karibu na yai linapotoka. Mbegu kongwe haisubiri yai, kwa hiyo saa hizo si za kukadiria. eCG hukamuliwa kutoka kwenye damu ya farasi jike wenye mimba, na namna baadhi ya farasi hao wanavyotunzwa imezua malalamiko makubwa. Sijaacha kuitumia. Wala siwezi kusema ninaitumia bila kuwaza.

Dume naye ana siri zake. Wapo madume wenye manii mazuri ya kutisha yakiwa mabichi, ambao hayagandishiki kabisa, na hakuna kipimo cha macho kinachokuambia mapema. Unagandisha mirija michache ya majaribio, unayeyusha, unajua. Halafu kuna kalenda. Mbegu ya kondoo huchukua wiki saba kutengenezwa na karibu mbili zaidi kukomaa njiani, hivyo homa au joto kali la leo utaliona kwenye manii baada ya miezi miwili, dume akiwa amenenepa na ameshasahau. Aina zinazotoka nchi zenye majira hutoa manii bora siku zinapofupika, na ndio wakati wa kugandisha.

Je, yote haya yana maana gani kama dume lipo hapo zizini na analala na majike bure? Kwa kundi la kawaida, kwa kweli, maana yake ni ndogo, na huwa nawaambia watu hivyo hata nikipoteza kazi. Maana ipo unapotaka damu iliyoko mbali pasipo kusafirisha mnyama, unapotaka kulinganisha madume kwenye mashamba mengi kwa wakati mmoja, au unapoogopa kupoteza. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoikumba Uingereza na kondoo kuteketezwa kwa mamilioni, watu walikimbilia kukusanya manii ya aina zilizokuwa hatarini kufutika, Herdwick wakiwamo, kwa kuwa karibu wote wanaishi kwenye vilima vya eneo moja. Marekani ina hifadhi yake kubwa pale Fort Collins, Colorado. Manii peke yake hayarudishi aina iliyotoweka mara moja: unaanza na jike wa aina nyingine, mtoto ni nusu, unampandisha tena, na baada ya vizazi vitano unafika asilimia 97. Ni kazi ya miaka mingi, ila inawezekana. Tahadhari ni kwamba naitrojeni haichagui inachokihifadhi. Virusi wa ugonjwa wa ulimi wa buluu hukaa salama humo vizuri kama mbegu, ndiyo maana dume hutengwa na kupimwa damu kabla ya kukamuliwa kwa ajili ya kuuza nje.

Nimeacha Norwei mwisho kwa sababu inanivurugia maelezo yangu, na nalipenda jambo linalonivurugia. Kule wafugaji wenyewe, bila daktari na bila kamera, huyeyusha mrija, husubiri jike aingie kwenye joto lake la asili, huingiza bomba ukeni hadi litakapokwama, na humwaga manii hapo. Zaidi ya nusu ya majike hushika mimba. Kwa maelezo yangu ya mbegu kongwe na mlango wenye mikunjo, hilo halipaswi kutokea.

Watu walidhani siri ni madume wa Norwei au dawa yao ya kugandishia, iliyotengenezwa kwa maziwa. Watafiti wa Ireland wakachukua manii hayo wakayatumia kwa majike wao wa aina mbalimbali. Suffolk walishika mimba kwa kiwango cha chini sana kuliko Finnsheep, kwa manii yaleyale. Siri ilikuwa kwa jike. Tangu hapo wamekuwa wakilinganisha kamasi ya shingo ya kizazi kati ya aina zinazoshika na zisizoshika, na wameona tofauti kwenye sukari zinazoijenga kamasi hiyo na kwenye jinsi kinga ya mwili inavyozipokea mbegu.

Mimi kazi yangu ni dume, na miaka yote nimehangaika na nyuzi, sekunde na gliseroli ili mbegu ya leo isizeeke kama ya jana. Lakini madaftari ya ufugaji yanaandika jina la dume, tarehe ya kugandishwa na asilimia ya kuogelea. Kuhusu jike yanaandika tu kama alishika au hakushika, na asiyeshika anahesabiwa kuwa kosa la mrija. Kama mfugaji ana majike wanaoshika kwa mbegu za barafu kupitia mlangoni, bila kutobolewa, ningependa awaandike kwa majina, aandike mama zao na binti zao, na awabakishe zizini hata kama sufu yao si ya kwanza.